Kesho ya Fundi

Kamba ilikatika pale soko la Toi, mahali ambapo wauza viatu wamemwaga mali yao mpaka barabarani. Syombua alihisi uzito ukimtoka mgongoni, akageuka, akaona mashine yake ya ovaloki, ya kuziba kingo za nguo, inateremka kutoka nyuma ya pikipiki. Alipiga ukelele. Mwenye boda akakanyaga breki, watu wakageuka kutazama, na Nairobi watu hutazama kwanza, kusaidia huja baadaye kama nafasi ipo. Mmoja tu ndiye aliyeruka. Alikuwa amesimama kwa mwuza smoki, soseji za kando ya barabara, amevaa koti la bluu la kazi lenye bisibisi tatu mfukoni, na aliidaka ile mashine kwa mikono miwili huku smoki ikiwa bado mdomoni.

“Shika huku chini,” alisema akitafuna. “Chini, si hapo. Hapo ndio huvunjika.”

Syombua akashika chini.

“Madam, hii ni ovaloki. Mbona unaibeba kama gunia ya viazi?”

“Si mimi nilifunga. Uliza huyu.”

“Kamba ilikuwa sawa,” mwenye boda alijitetea. “Ni matuta.”

“Na hiyo tepu ya shingo? Unapima nani hapa Toi?” yule wa koti aliuliza.

Syombua akajigusa shingoni. Tepu ya kupimia ilikuwa bado inaning’inia tangu asubuhi, juu ya gauni lake la kitenge alilolishona kwa mabaki, kila mkono na rangi yake. Siku nyingine angeona haya. Siku hiyo alikuwa amechoka hata kwa hilo.

“Napima mdomo yako,” alijibu. “Nione kama uzi itatosha kuishona.”

Yule jamaa alicheka mpaka smoki ikamwanguka, na hakuihurumia. Aliuliza mashine inakwenda wapi. Syombua akamwambia inakwenda Nyuzi Machine Clinic, pale Kibera Drive, kwa wale mafundi waliosomea kazi.

“Basi umefika,” alisema. “Mimi ni fundi wa hapo. Phanuel.”

“Fundi wa mashine?”

“Fundi wa mashine. Na wewe fundi wa nguo. Sasa, Fundi, tutembee ama utapanda tena hii boda ya kuangusha watu?”

Walitembea. Phanuel aliibeba mashine begani, Syombua akabeba kamba iliyokatika, na kuanzia siku hiyo hawakuitana majina tena. Kila mmoja alimwita mwenzake Fundi.

Tuseme ukweli kuhusu mafundi, maana kila mtu ana lake la kusimulia. Ukimpelekea fundi suruali, atakwambia rudi kesho. Ukirudi kesho, umeme ulipotea. Ukirudi tena, mtoto wa dada yake ni mgonjwa. Kesho ya fundi haina tarehe, na waliozaliwa Kawangware wanalijua hilo kabla ya kujua kuhesabu.

Syombua alikuwa na kibanda cha mabati pale Kawangware, steji ya 46, nusu yake na nusu ya binamu yake Kaluki aliyekuwa akisuka nywele. Alitoka Kitui miaka tisa iliyopita akiwa na cherehani moja na sheria moja, na sheria ndiyo iliyomlisha. Hakuwahi kumwambia mteja arudi kesho. Akisema Jumamosi, ni Jumamosi, hata kama macho yatamtoka. Kulikuwa na washonaji watatu pale jirani wenye bei nafuu kuliko yake, lakini Mama Adhis, mwenyekiti wa kwaya ya akina mama, aliwapita wote watatu akaja kwake na vitambaa vya magauni ishirini na manne ya rangi ya zambarau.

“Mashindano ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi,” Mama Adhis alisema. “Tunaimba wa kwanza. Nimekuja kwako juu wewe hunanga kesho.”

Siku tatu baadaye ovaloki ikaanza kuruka nyuzi. Bila ovaloki kingo za kitambaa hufumuka, na gauni la kufumuka halipandi jukwaani. Kwa hivyo Syombua hakuipeleka kwa mafundi wa kando ya barabara. Alikuwa amechoshwa nao. Alitaka mahali penye kaunta ya kioo, risiti yenye muhuri na waranti ya miezi mitatu, na Nyuzi Machine Clinic walikuwa na vyote hivyo, pamoja na kiti cha kusubiria chenye mto.

Mwenye duka aliitwa Muchiri. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na shati lililopigwa pasi, na aliisikiliza mashine kwa kichwa kilichoinama.

“Ni lupa,” alisema. Lupa ni kile kidole cha chuma kinachopokea uzi chini ya sindano. “Tutaweka mpya. Kuja kesho, madam.”

Akaja kesho. “Kesho,” Muchiri alisema. Akaja tena. “Lupa iko njiani. Kesho.” Siku ya nne Syombua aliketi kwenye kile kiti chenye mto, akafumba macho, akajiuliza kama hivi ndivyo wateja wa mafundi wengine wanavyojisikia. Alijisikia mjinga, na alijisikia mzee.

Kitu kilichomfanya asilie ni simu ya Phanuel jioni ile.

“Fundi, umefika nyumbani?”

“Nimefika. Bila mashine.”

“Umekula?”

“Nimekula hasira.”

“Hiyo haishibishi. Ungekuwa hapa kwangu Kianda ningekupikia ugali.”

“Nyinyi Waluhya mkiulizwa chochote mnajibu ugali.”

“Na nyinyi? Muthokoi kila siku. Mahindi imetolewa ngozi, haijui ni mchele ama ni nini.”

“Usitusi muthokoi kama hujaonja.”

“Basi nionjeshe.”

Akamwonjesha. Jumapili iliyofuata Phanuel alivuka kutoka Kibera mpaka Kawangware na viatu vyeupe vilivyosuguliwa kwa mswaki, shati la mistari, na tikiti maji chini ya kwapa. Mashine ilikuwa imetoka hospitali ile Ijumaa na ilikuwa inashona, kwa hivyo Syombua alikuwa na moyo wa kupika. Alivaa gauni la kijani ambalo Kaluki alisema linamfanya aonekane kama mtu aliyelala usingizi wa kutosha. Walikula kibandani, mlango wazi, baridi ya Julai ikiingia. Phanuel alikula sahani mbili akakiri kwamba mahindi yale yanajua ni nini.

“Fundi,” alisema baadaye, akichezea kifuniko cha sufuria, “kuna kitu moja. Pale kazini wasijue naongeanga na wewe mambo ya mashine. Muchiri alimfuta mtu mwaka jana, ati anamwibia customers kwa simu.”

“Si tunaongea mambo ya muthokoi.”

“Ndio nasema. Tubaki hapo kwa muthokoi.”

Walicheka, na mkono wake ukakaa juu ya wa Syombua muda mrefu kuliko mzaha ulivyohitaji. Syombua hakuuondoa mkono wake. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kwa muda mrefu hakuna aliyemshika mkono bila kutaka apimwe kiuno.

Jumanne mashine ikaruka nyuzi tena.

Akairudisha. Muchiri akainamisha kichwa, akasikiliza, akasema kesho. Zikapita kesho tatu. Ilipotoka mara ya pili, ilikuwa na stika ndogo ya kung’aa iliyobandikwa juu ya kifuniko cha chini, yenye jina la duka, na ilikuwa na ugonjwa mpya: kisu chake kilianza kuula mshono wenyewe. Kililing’ata gauni la saba ubavuni, mahali pasipofichika. Syombua aliliweka lile gauni mapajani akalitazama. Hakutukana. Hakuwa na nguvu ya kutukana. Ubavu mpya ungepatikana kwenye mabaki, lakini zilibaki siku nane.

Alimpigia Phanuel.

“Fundi, inakula nguo.”

Nyuma ya Phanuel zilisikika nyundo za dukani, kisha mlango, kisha barabara. Alikuwa ametoka nje.

“Iko kwa meza?”

“Iko kwa meza.”

“Sikiza. Fungua kifuniko ya chini. Utaona skrubu mbili. Ile ya left, kaza nusu. Nusu tu.”

“Huku kuna stika.”

“Wewe fungua, mpenzi. Ni dakika moja.”

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi. Syombua alilisikia neno hilo vizuri zaidi kuliko alivyoisikia stika ikichanika chini ya kucha yake. Akakaza nusu. Mashine ikashona, ikanyooka, ikaimba. Akamtumia ujumbe wenye mioyo sita, jambo ambalo Kaluki aliliita ugonjwa.

Ilishona mpaka gauni la tisa. La kumi lilipoingia, kitu kilikatika ndani kwa mlio mfupi, na gurudumu likagoma kuzunguka.

Hivyo ndivyo alivyorudi Kibera siku ya Jumanne, juma lenyewe la mashindano, mashine kwenye boda nyingine, risiti mkononi. Duka lilikuwa limejaa. Phanuel alikuwa kwenye meza yake ya kazi, hatua mbili kutoka kaunta, mota imefunguliwa mbele yake. Alimwinulia nyusi kwa siri. Muchiri aliigeuza mashine chini juu na kugusa kona ya stika iliyochanika.

“Nani amefungua hii?”

“Mimi,” Syombua alisema.

“Kwa nini?”

“Niliambiwa nikaze skrubu.”

“Na nani?”

Syombua hakumtaja. Alimtazama. Alimpa nafasi, nafasi kubwa ya kutosha mtu mzima kusimama na kusema: ni mimi, mzee, nilimwambia mimi. Wateja waliokuwa nyuma yake waliacha kuongea. Phanuel alikuwa ameshika bisibisi, anaikagua ncha yake.

“Na nani, madam?”

“Na fundi mmoja.”

“Fundi yupi? Wa hapa kwangu?”

Akangoja tena. Bisibisi ikageuzwa upande wa pili. Ndipo Syombua alipohisi uchovu wa majuma matatu ukimshukia wote pamoja, kuanzia mabegani.

“Wa kando ya barabara,” alisema.

“Basi huyo wa kando ya barabara ndio akutengenezee.” Muchiri aliirudisha risiti juu ya kioo kwa vidole viwili, kwa adabu kabisa. “Waranti imeisha. Imeandikwa hapo chini: stika ikichanika.”

Aliibeba mwenyewe mpaka nje. Hakuna aliyesema shika chini.

Simu ilianza kulia kabla hajafika Dagoretti Corner, na ililia siku ile yote na asubuhi ya Jumatano. Mchana aliipokea, ili inyamaze.

“Fundi—”

“Usiniite hivyo.”

“Syombua. Wacha nieleze.”

“Elezea Muchiri.”

Akakata. Kaluki, aliyekuwa na kitana mdomoni na kichwa cha mteja magotini, alikaza msuko mpaka mteja akapiga yowe.

Walianza kuziba kingo kwa mkono. Kaluki alifukuza wateja wake wa kusuka, wakakaa mlangoni wawili, sindano na uzi, ukingo baada ya ukingo. Kwa mkono gauni moja lilimeza saa tatu za watu wawili. Vidole vya Syombua vilifanya sugu mpya juu ya sugu za zamani. Kilichomuuma hakikuwa vidole. Alikuwa amemdanganya Muchiri ili kumfichia mtu kazi yake, na mtu huyo aliupokea uongo ule kama chenji, akautia mfukoni.

Alhamisi saa tisa Mama Adhis aliingia na mfuko mkubwa mtupu, ametabasamu, kilemba kikiwa tayari cha zambarau.

“Nimekuja kubeba, nyathina, mwanangu. Wamama wanataka kujaribu leo jioni.”

Magauni kumi na matatu yalikuwa yametundikwa. Kumi na moja yalikuwa kwenye meza, kingo zake zinatoa nyuzi. Syombua alisimama. Aliutafuta mdomoni mwake msemo mwingine wowote na hakuupata.

“Mama,” alisema, “rudi kesho.”

Mama Adhis aliyatazama magauni, kisha akamtazama yeye, na hakukasirika. Afadhali angekasirika.

“Ai. Hata wewe?”

Alikunja mfuko wake mara nne, akauweka kwapani, akaondoka pole pole akiepuka matope. Syombua aliketi kwenye kigoda cha wateja wa Kaluki na kulia bila sauti, huku anaendelea kushona, kwa sababu kesho aliyoitamka ilikuwa ya kwanza katika miaka tisa na ilikuwa imebakisha saa ishirini na nne.

Ijumaa asubuhi, kabla hata chai haijachemka, Kaluki alichungulia nje.

“Kuna mtu amesimama hapa kama amekuja kuomba chumvi.”

“Mwambie hatuna.”

“Mwambie mwenyewe. Amekuwa hapo tangu nifungue. Viatu zake leo ni chafu.”

Syombua akatoka. Phanuel alikuwa bila koti la bluu. Alivaa sweta lililotoboka kiwiko, na mkononi alikuwa na mkoba wa vyuma wa turubai, ule ambao mafundi husema humwacha mwenyewe siku ya kuzikwa tu.

“Nimesema,” alisema.

“Umesema nini?”

“Nimeambia Muchiri. Jana asubuhi, watu wakiwa wamejaa. Nikasema ni mimi nilimwambia afungue. Na nikasema ile lupa si ya hiyo mashine. Ni ya ingine, ilisuguliwa na tupa mpaka ikaingia. Mara ya pili haikubadilishwa. Ilisuguliwa tena.”

“Ulihitajika Jumanne.”

“Najua.”

“Jumanne, Phanuel. Si Alhamisi. Nilisimama pale.”

“Nilikuona.” Alihamisha mkoba mkono wa pili. “Niliogopa. Nilihesabu rent, nikahesabu mamangu huko Vihiga, nikikuja kumaliza kuhesabu ulikuwa umeshasema kando ya barabara. Uliniokoa.”

“Sikukuokoa. Nilikupa nafasi ukaikalia.” Alijifunga leso upya kiunoni ili mikono ipate la kufanya. “Na hiyo lupa. Ulijua lini?”

Angeweza kudanganya hapo. Ilikuwa rahisi, na Syombua kwa jinsi alivyochoka angeukubali uongo huo na wangeishi nao. Phanuel alitazama chini, kisha akamtazama yeye.

“Tangu mara ya kwanza. Ndio maana nilikuambia ukaze. Nilidhani itakusukuma mpaka magauni ziishe.”

“Kwa hivyo ulikula muthokoi yangu ukijua.”

“Nilikula nikijua. Sahani mbili.”

Kaluki, ndani, aliangusha kitu makusudi. Syombua alisimama mlangoni muda wa kutosha chai kuchemka na kumwagika. Hasira ilikuwapo, alihisi imemkaa kifuani, lakini nyuma yake kulikuwa na magauni, na nyuma ya magauni kulikuwa na Mama Adhis akikunja mfuko mara nne.

“Alisema nini Muchiri?”

“Aliniambia nivue koti.” Phanuel aliingiza mkono kwenye mkoba, akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi ya mafuta, kidogo kama mfupa wa kuku. “Nikaenda River Road kutafuta hii. Duka ya kumi na moja ndio nimepata. Ni ya mashine yako, namba ni hiyo hiyo, unaweza linganisha. Ukitaka nikuachie uitishe fundi mwingine, ni sawa.”

“Fundi gani mwingine atakuja saa hii?”

“Wa kando ya barabara,” alisema. “Sasa ndio mimi.”

Syombua hakucheka, lakini alisogea kando mlango upate nafasi.

Phanuel alifanya kazi akiwa amepiga magoti, vyuma vimepangwa juu ya gazeti. Alipoitoa ile lupa mbovu alimpa Syombua aishike, na Syombua akaona kwa macho yake mikwaruzo ya tupa, pale mtu alipoipunguza na kuipunguza kwa mikono ya haraka, kisha akaifunika na stika ya kung’aa na kuita kazi. Aliiweka kwenye kopo la vifungo. Alimpa Phanuel chai bila kumuuliza anataka sukari ngapi, maana alikuwa anajua, na alijichukia kidogo kwa kujua.

Mara mbili aliirekebisha, mara mbili akaivua tena. Mara ya pili Kaluki alisema imeingia tu, washa.

“Imeingia, lakini bado haijakaa,” alijibu, na akaanza upya.

Saa tano aliwasha. Hakushona mwenyewe kitambaa cha kujaribia. Alisimama, akafuta kiti kwa mkono wa sweta, akamwachia Syombua. Mashine ikapita kwenye ukingo wa zambarau, ikakata, ikaziba, ikatoka upande wa pili. Syombua akakivuta kile kitambaa kwa nguvu zote za hasira yake. Hakikuachia.

“Kata nyuzi,” alimwambia, bila kugeuka. “Mwenye hana kazi asikae bure.”

Phanuel akakata nyuzi. Kaluki akapiga pasi. Gauni lilikuwa likitoka kwa Syombua, linapita kwa Phanuel, linamfikia Kaluki na kutundikwa, na kati ya la tano na la sita mtu alitania kuhusu ugali, na mtu akajibu. Saa kumi na moja kasoro Mama Adhis alisimama mlangoni, mfuko umekunjwa vile vile, uso wa mtu aliyekuja kuambiwa umeme ulipotea.

“Ishirini na nne,” Syombua alisema. “Hesabu, Mama.”

Hakuhesabu. Alichukua moja, akaligeuza ndani nje kama wafanyavyo wanawake wanaojua, akapitisha kidole ukingoni mpaka chini. Kisha akamshika Syombua shavu kwa kiganja chenye baridi.

“Kumbe kesho yako ni kesho ya ukweli,” alisema. “Jana nililala vibaya nikikufikiria.”

“Mimi pia, Mama.”

Alipoondoka na mfuko umejaa, Kaluki akakumbuka ghafla kwamba anahitaji kununua sukuma wiki, na akaenda kuinunua mbali. Walibaki wawili, na mashine, na sakafu iliyojaa vipande vya zambarau. Phanuel alikusanya bisibisi zake moja moja, akazifuta, akazirudisha.

“Sina kazi,” alianza.

“Najua.”

“Nina hii mkoba, na nyumba moja huko Kianda, mwezi ujao sijui.”

“Usiniambie mambo ya waranti, Phanuel. Ukiniambia sijui waranti ya maisha, nakufukuza.”

“Sikuwa nataka kusema hivyo.” Alikuwa akitaka, na ilionekana usoni. “Nilikuwa nataka kusema nakupenda. Nataka kuja kwenu Kitui nionekane na watu wako. Na kama kuna siku utasimama tena mbele ya watu unaningoja niongee, nitaongea. Hiyo ndio nilikuwa nayo. Nimemaliza.”

Syombua alivua tepu shingoni, akaizungusha kidoleni mpaka ikawa duara. Alimpenda. Alilijua hilo tangu Toi, smoki ilipoanguka, na Jumanne haikuliondoa, ingawa alijaribu kwa kila sindano. Lakini mgongo ulimuuma, macho yalimwasha, na jibu la jambo kama hili hakutaka litolewe na uchovu. Uchovu hukubali chochote ili ulale.

“Leo sina nguvu,” alisema. “Rudi kesho.”

Phanuel aliyajua maneno yale kwa miaka minne, aliyasikia kwenye kaunta ya Muchiri kila siku ya kazi, na alijua yanavyoisha.

“Kesho ya fundi,” aliuliza pole pole, “ama kesho yako?”

“Kesho yangu. Saa mbili asubuhi, twende tuwaskize wamama wakiimba. Na usafishe viatu, Fundi.”

Aliinama ili achukue mkoba wake wa vyuma, akabadili nia, akauacha pale chini ya meza ya ovaloki. Kisha akatoka mikono mitupu, akaelekea barabarani. Syombua aliusukuma mkoba ndani kwa mguu, mahali ambapo mabati hayavuji, akafunga mlango kwa kufuli.